Nani ana ruhusa ya kuzima mziki? Niliyojifunza kwenye kamati ya tamasha la mtaa

Ukitaja usalama kwenye kikao cha tamasha, akili za watu wote zinaenda kwa mabaunsa. Mabaunsa wangapi, watavaa tisheti rangi gani, watalipwa kabla au baada. Hapo mjadala wa usalama umeisha, tunarudi kwenye mambo matamu, msanii gani anakuja, nani MC, steji inakaa wapi. Mi nimekaa kwenye kamati ya tamasha la mtaa hapa Dar miaka kadhaa sasa, yale matamasha ya kufunga barabara siku moja, mchana michezo ya watoto na ngoma, jioni misosi, usiku singeli mpaka muda wa kibali uishe, na hii kazi ya usalama niliipata kwa sababu nilichelewa kikao nikakuta kazi zote nzuri zimeshagawiwa. Ndo ilivyo. Anayechelewa anapewa usalama au anapewa vyoo, na vyoo alishapewa mwingine.

Sasa nataka niandike niliyoyaona, maana kila mwaka kuna mtu wa mtaa mwingine ananipigia ananiuliza "dada, kibali mlipataje", na kibali kusema kweli ndo kitu chepesi kuliko vyote. Unaanza serikali ya mtaa, mwenyekiti na mtendaji wanakugongea mhuri, unaenda kata, unaenda polisi, unawaambia zimamoto, basi. Wana utaratibu wao, ukifuata unapata. Shida ni kwamba ukishapata ile karatasi yenye mihuri unajiona uko salama, wakati karatasi haijui kama mtaa wako una njia ya kutokea.

Kitu cha kwanza nilichofanya nilichukua futi kamba. Fundi mmoja wa jirani akaniazima, tukaenda mimi na kijana wa polisi jamii kupima barabara yetu saa mbili usiku, saa ileile ambayo tamasha linakuwa limechangamka, na saa ni muhimu sana kwa sababu mchana ile barabara ni pana, usiku kuna meza ya chipsi, kuna bodaboda zimepaki, kuna mama wa mihogo na wateja wake wamekaa kwenye benchi, kuna rundo la mchanga la mtu anayejenga tangu enzi za mababu. Ukuta kwa ukuta tulipata mita 8. Ukitoa meza za vyakula pande mbili, ukatoa na wateja wanaosimama mbele ya meza (hawa kila mtu anawasahau), zinabaki mita 3 za kupita.

Mita 3 maana yake nini? Waingereza wana kitabu chao cha usalama wa viwanja vya michezo, kinasema kwenye sehemu tambarare watu wanaopita kwa utaratibu ni 82 kwa kila mita moja ya upana kwa dakika moja. Kwenye ngazi wanashuka mpaka 66. Kwaiyo mita 3 zako zinatoa watu 246 kwa dakika, na ukijipa dakika 8 za kuwatoa watu wote unapata elfu mbili kasoro kidogo. Hapo ni kama hakuna aliyeanguka, hakuna giza, hakuna mtaro ulio wazi, na watu wanatembea kwa adabu. Sisi tulikuwa tunatarajia watu wengi kuliko hao. Alaf kuna hii tabia ya kuweka steji mwisho wa barabara ili watu wote waione vizuri, inapendeza kweli kwenye picha, ila ukifanya hivo umeziba upande mmoja mzima, barabara imekuwa chupa, na waliopo mbele kabisa, ambao ndo wanabanwa zaidi, ndo walio mbali zaidi na mlango. Tukaisogeza steji kwenye kiwanja cha pembeni, ncha zote mbili zikabaki wazi. Wapiga picha walinuna wiki nzima.

Kwenye kikao wazee hawakuamini hesabu, na mi siwalaumu, namba za kwenye daftari hazimtishi mtu. Nikachukua chaki nikachora sakafuni mraba wa mita moja kwa mita moja. Nikaomba watu wawili wasimame ndani, wakasimama wanapiga stori. Wanne, wakaanza kucheka na kusukumana. Nikaongeza mpaka sita, mwenyekiti wa mtaa mwenyewe akiwa katikati na koti lake, nikamwambia "mzee wangu, samahani, hebu toa simu mfukoni upokee". Hakuweza. Mkono haukunyanyuka. Kucheka kukaisha. Ndo nikawaeleza kwamba wataalamu wa mikusanyiko wanasema ukifika watu watano kwa mita ya mraba uko kwenye hatari, ukienda sita saba watu wanaacha kutembea wenyewe, wanabebwa kama maji, mmoja akisukumwa huku wa kule ndo anaanguka. Na wengi wanaokufa kwenye msongamano hawafi kwa kukanyagwa kama tunavyosema, wanakufa wamesimama, kifua kimebanwa mpaka pumzi haiingii. Baada ya pale sikuhitaji kubishana tena kuhusu meza za vyakula kurudi nyuma.

Ila kuwaambia wenyewe wa meza ni habari nyingine. Kuna mama mmoja anauza supu pale kona tangu sijazaliwa, nilienda nikamwamkia, nikakaa, nikanywa supu, nikalipa, ndo nikafungua mdomo. "Mama, siku ya tamasha tunaomba urudi hatua tatu nyuma, uingie kwenye baraza la duka." Akaniangalia. "Hatua tatu nyuma wateja wananionaje?" Tukamalizana kwa kumwekea taa na bango, na kumwahidi kwamba hakuna mgeni atakayepewa nafasi mbele yake, maana woga wake ulikuwa huo, wala hakuwa na shida na hatua tatu. Nawaambia kabisa, nusu ya usalama wa tamasha ni kukaa na wauza vyakula ukajua wanaogopa nini.

Tukirudi kwenye msongamano, watu wanadhani ni mambo ya Ulaya. Tabora mwaka 2008 siku ya Idi watoto 20 walikufa kwenye ukumbi wa disko. Moshi Februari 2020 watu 20 walikufa kwenye ibada ya uwanjani wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Machi 2021 hapa hapa Dar, Uwanja wa Uhuru, watu 45 wakati wa kumuaga Rais Magufuli. Hii ya Moshi naikumbuka kila mdhamini anapokuja na boksi la tisheti. Pale tatizo lilikuwa ni watu wote kutaka kufika sehemu moja kwa wakati mmoja, na ndicho MC anachokifanya akirusha kofia na tisheti kutoka stejini, anatengeneza sehemu moja ambayo watu mia tano wanaitaka kwa sekunde moja. Sisi tumepiga marufuku kurusha kitu chochote. Zawadi zinatolewa mezani, mbali na steji, mchana, kwa foleni. Wadhamini hawapendi kwa sababu foleni haina shangwe kwenye video. Sawa, wachukue video ya kitu kingine.

Na kuna hatari moja sijawahi kuikuta kwenye miongozo ya wazungu, neno "mwizi". Kibaka anachomoa simu, mwenye simu anapiga kelele mwizi, sekunde hiyohiyo kuna wanaokimbilia kule kupiga na kuna wanaokimbia kutoka kule wakidhani ni fujo, na katikati kuna mama ana mtoto mgongoni. Kukamata vibaka wote huwezi. Tulichofanya, vijana wa polisi jamii tumewapanga wawili wawili ndani ya watu, sio getini tu, wakisikia ile kelele wanamzunguka mtuhumiwa wanamtoa pembeni haraka kwa njia ya nyuma kabla umati haujajikusanya, na MC haruhusiwi kabisa kutaja mwizi kwenye maiki. Kulikuwa na MC mmoja alitaka kuifanya kichekesho, "jamani mwizi huyoo", tukamshusha maiki palepale. Unamwokoa na mwizi mwenyewe pia, maana tunajua mtaani akikamatwa inaishaje.

Gesi na umeme nitapita haraka kwa sababu zimamoto wanaelezea vizuri kuliko mimi, waalikeni tu waje wakague mapema, sio asubuhi ya tamasha. Ila mawili tu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka chini inatambaa, kwaiyo mtungi usikae juu ya mtaro, itajaa humo kimya kimya na cheche ikitokea mita kumi mbele hujui ilikotoka. La pili, taa za njia za kutokea zisitumie jenereta moja na steji. Jenereta ya steji ikizima mziki unakata, na taa zikikata nazo una watu maelfu gizani wenye hasira na woga kwa pamoja. Sisi tuna taa za sola na betri pembeni, bei yake ni ndogo kuliko ya msanii wa kufungua shoo.

Kufunga barabara nako kuna ujanja. Kuweka kamba ya plastiki na kijana mwenye filimbi ni kujidanganya, bodaboda anaiinua kamba anapita na abiria wake wawili. Na gari likiamua kupita? Nice, Ufaransa, Julai 2016, lori liliua watu 86 kwenye sherehe za usiku. Vancouver, Canada, Aprili 2025, gari lilipita kwenye tamasha la mtaani la Wafilipino wakafa 11. Kwetu hofu yangu kubwa zaidi ni dereva mlevi au breki zilizokatika kwenye ule mteremko wetu, ila dawa ni moja. Tunaomba malori ya mchanga, yanapaki kukata barabara pande zote. Sasa hapa ndo kuna mtego, lori linalozuia gari baya linazuia na gari la zimamoto, ambalo linahitaji kama mita 4 kupita. Kwaiyo sharti ni dereva wa lori asiondoke, akae ndani au mlangoni, funguo anayo, tumbo limeshiba, kalipwa vizuri. Kuna mwaka tulienda kumkagua dereva tukakuta anacheza singeli mbele ya steji! Alikuwa na raha mpaka nikamwonea huruma kumrudisha.

Watoto wanapotea, hilo lipo tu, tangu saa kumi jioni. Tumetenga hema moja linaonekana kwa mbali, wanakaa humo mama wawili tunaowafahamu, kuna maji na biskuti. Mzazi akifika na mtoto tunamwandikia namba ya simu mkononi kwa kalamu. Kwenye maiki tunatangaza tu "kuna mtoto hemani, mzazi aje", hatutaji jina wala nguo, anayekuja ndo aeleze mtoto wake kavaaje, maana ukishataja kila kitu mtu yeyote anaweza kuja kumchukua.

Haya, nije kwenye lile lililonifanya niandike. Kwenye kikao kimoja niliuliza swali moja tu: nani ana ruhusa ya kuzima mziki?

Kimya. Alaf wakaanza wote. Mwenyekiti wa mtaa akasema ni yeye, mtaa wake. DJ akasema mkataba wake ni na kampuni ya vyombo, haguswi na mtu. Mwakilishi wa mdhamini akasema ratiba haiwezi kubadilika bila ofisi yao kujulishwa. Meneja wa msanii hakuwepo ila wote tulijua angesema nini. Mmoja akasema polisi, lakini polisi mwenyewe anasimama getini, ataonaje kinachotokea mbele ya steji? Kwaiyo kwa ufupi watu sita walikuwa na uwezo wa kukataa mziki usizimwe na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kazi ya kuuzima.

Nikawasimulia ya Indiana, Marekani, Agosti 2011, dhoruba ilionekana inakuja, watu wanajadiliana shoo iahirishwe au isiahirishwe, hakuna aliyejua vizuri uamuzi ni wa nani, upepo ukaangusha paa la steji wakafa watu 7. Houston, Novemba 2021, wakubwa wa mji walishatangaza kwamba kuna majeruhi wengi na shoo ikaendelea zaidi ya nusu saa, wakafa 10. Seoul, Korea Kusini, Oktoba 2022, kichochoro cha upana wa mita 3 na kidogo, mtu wa kwanza alipiga simu polisi saa 12 na dakika 34 jioni akisema watu watabanwa, simu zikapigwa 11 kabla ya saa nne na robo usiku, wakafa watu 159. Na pale hakukuwa hata na mwandaaji, vijana walikuja tu mtaani kusherehekea, kwaiyo lile swali la nani anasimamisha halikuwa na wa kulijibu kabisa. Ukizisoma hizi habari zote unakuta kuna mtu aliona mapema. Aliona, akasema, ila hakuwa na mkono kwenye swichi.

Tukaandika karatasi. Watu watatu, majina yao na simu zao, kila mmoja anaweza kusimamisha peke yake bila kumuuliza mwingine wala kumsubiri mwenyekiti amalize chai. Mmoja anakaa juu ya ghorofa ya bibi mmoja mwenye baraza linaloona barabara nzima (bibi naye anapata kampani na soda), mmoja pembeni ya steji, mmoja anazunguka. Ishara ni tochi nyekundu inayoelekezwa kwa DJ, kwa sababu simu usiitegemee, watu wakijaa mtandao unajaa, tunatumia redio za mkononi na hata hizo kwenye kelele ya sabufa husikii, tochi unaiona. DJ akiona nyekundu anashusha sauti taratibu, hakati ghafla, taa zinawashwa zote, MC anasoma maneno aliyoandikiwa kwenye kadi, anataja upande wa kwenda, na hathubutu kusema "moto" au "mnakufa". DJ na kampuni ya vyombo walisaini kabla ya kulipwa hela ya kwanza. Hapo kwenye "kabla ya kulipwa" ndo siri yote ilipo.

Mwaka mmoja tuliitumia. Tamasha letu linaangukia msimu wa vuli, Mamlaka ya Hali ya Hewa walishatoa tahadhari ya mvua na upepo, na mahema yetu tulishayafungia madumu ya maji ya lita 20 kila mguu, dumu mbili mbili. Ikawa saa tatu hivi usiku, msanii mkubwa ndo kwanza kapanda, upepo ukaja, hema moja likaanza kunyanyua mguu na madumu yake. Aliyekuwa juu barazani akawasha tochi. Hakuuliza mtu. DJ akashusha, taa zikawaka, MC akasoma kadi yake, watu wakasogea pande mbili huku wanazomea. Upepo ukavuma kidogo, mvua ikanyunya kama ya kunyunyizia maua, ukapita. Hema halikuanguka. Hakuna aliyeumia hata kidole.

Unajua tulivyotukanwa? Yani tulitukanwa. Kwamba tumeharibu shoo kwa manyunyu, kwamba kamati ina watu waoga, mdhamini akaandika barua ndefu. Na aliyewasha tochi, kijana wa miaka ishirini na kitu, akaniambia "dada mwakani msinipe mimi". Nikamwelewa. Ukisimamisha kwa wakati hakuna kinachotokea, na kisichotokea huwezi kumwonyesha mtu, unabaki umeonekana mjinga. Tukamwita kikaoni mwenyekiti akamshukuru mbele ya watu wote, na kwenye ile karatasi tukaongeza sentensi moja: aliyesimamisha haulizwi na mtu siku hiyo, maswali ni kikao kijacho. Amerudi. Mwaka huu ndo anafundisha wengine.

Kufunga tamasha nako kuna watu wanakusahau. Kuingia watu wanaingia kidogo kidogo masaa matano, kutoka wanataka kutoka wote dakika kumi, msanii mkubwa akimaliza tu. Sisi sasa mkubwa hafungi, anapanda katikati, mwisho tunaweka taarabu na zile nyimbo za zamani nusu saa nzima, vijana wanaondoka wenyewe wanaguna, wazee wanabaki wanafurahi, wauza vyakula wanapata biashara ya mwisho. Daladala tunaongea nao mapema wasisogee mpaka kwenye kona, wapaki mbali kidogo ili foleni isirudi kwenye barabara yetu.

Mwaka huu kuna hoja mpya, mdhamini anataka fataki za kufungia. Kampala usiku wa kuamkia Januari 2023 watu walibanwa kwenye kinjia cha jengo wakikimbilia kuangalia fataki za mwaka mpya, wakafa karibu kumi, wengi watoto. Kikao ni Jumapili. Chaki ninayo, na safari hii nataka mwakilishi wa mdhamini ndo asimame katikati ya mraba.